Nani Aliuunguza Msitu? Msimulizi na Kauli za Kitenzi katika Usimulizi wa Kiswahili

Kusini-mashariki mwa Eldoret, kwenye barabara kuu iendayo Nakuru, upo mji mdogo wa soko uitwao Burnt Forest. Ni nchi ya juu, yenye baridi, nchi ya mahindi, viazi na maziwa. Jina la mji huo ni la Kiingereza, nalo limebaki kutoka enzi za ukoloni bila kufasiriwa. Ichukuliwe kwamba mfasiri ameombwa kulitia katika Kiswahili. Papo hapo atakutana na tatizo ambalo aliyelibuni hakulazimika kulitatua. Je, aandike Msitu Ulioungua, au Msitu Uliounguzwa, au Msitu Uliochomwa? La kwanza lasema kwamba moto ulipita na miti ikaisha. Halimdai mtu yeyote. La pili ladai kisababishi, ingawa kisababishi hicho chaweza kuwa mtu, radi au jua la kiangazi. La tatu ladai mkono wa mtu na, kwa kawaida, nia yake. Neno moja la Kiingereza limezifunika habari tatu zilizo mbalimbali, na mfasiri hawezi kuandika hata moja kati ya hizo bila kutoa ushahidi juu ya jambo ambalo hakuliona.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo la mfasiri huyo ndilo tatizo la kila msimulizi wa Kiswahili, na kwamba uhakiki wetu wa hadithi haujalipa uzito unaolistahili. Mtazamo wa msimulizi umezoeleka kutafutwa katika nafsi: anasema ‘mimi’ au anasema ‘yeye’? Lakini katika Kiswahili msimulizi huwa amekwisha kuchagua upande kabla nafsi haijawa na kazi, kwa sababu kitenzi chenyewe humlazimisha aseme ni nani atakayewekwa mbele, nani atakayefichwa, na yeye msimulizi amesimama wapi jambo lilipokuwa likitendeka. Burnt Forest imechaguliwa kuwa mahali pa mfano si kwa sababu ya jina lake tu. Huko, na katika wilaya jirani za Bonde la Ufa, nyumba za watu zilichomwa Desemba 1992, wakati wa uchaguzi mkuu wa vyama vingi wa tarehe 29 ya mwezi huo, na zikachomwa tena baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Mahali ambapo watu wa pande mbili bado hununua na kuuza katika soko moja, swali la namna ya kusimulia si la darasani pekee.

I. Upungufu wa hesabu ya nafsi

Katika vitabu vingi vya kufundishia fasihi, suala la msimulizi humalizwa upesi. Mwanafunzi huambiwa kwamba nafsi ya kwanza huleta ukaribu na hujua machache, na kwamba nafsi ya tatu huleta umbali na hujua yote. Mafunzo hayo si ya uongo, ila hayafiki mbali.

Chukua Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974. Kazimoto husema ‘mimi’ na mwishoni hujiua. Kwa hesabu ya nafsi, msomaji angetarajia kumkaribia mtu huyu. Kumbe kadiri azidivyo kuongea ndivyo msomaji azidivyo kumshuku, maana Kazimoto huwapima wote kwa mizani aliyoitengeneza mwenyewe. Mhakiki Mmarekani Wayne Booth, katika kitabu chake kuhusu balagha ya hadithi za kubuni kilichotoka mwaka 1961, alimpa msimulizi wa namna hii jina la msimulizi asiyeaminika, na jina hilo limeenea. Upande wa pili, Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978) husimuliwa kwa nafsi ya tatu, lakini hakuna asomaye riwaya hiyo akadhani kwamba msimulizi hana upande kati ya bwanyenye Fuad na watumishi wake. Hata mjakazi mwaminifu, Kijakazi, ambaye moyo wake uko kwa bwana, huonyeshwa na jicho lisilokubaliana na moyo huo. Nafsi ya tatu haikumzuia msimulizi kuwa mshiriki wa Mapinduzi.

Mfano unaofaa zaidi kwa makala haya ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert (1952). Mfalme Rai apata habari kwamba Adili huwapiga manyani wawili kila usiku, na amwita ajieleze. Adili aeleza: manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtenda maovu na kugeuzwa. Habari yote ya uovu hutoka katika kinywa cha aliyetendewa, mbele ya msikilizaji mwenye mamlaka ya kuamua. Na wale wanaoshtakiwa? Wapo hapo hapo, lakini ni manyani, hawana ulimi. Tena majina yao yamekwisha kuwahukumu kabla hadithi haijaanza. Si lengo hapa kumtetea Hasidi, wala hakuna haja ya kudhani kwamba Adili asema uongo. Jambo la kuangaliwa ni umbo: msimulizi mmoja, msikilizaji mmoja mkubwa, na upande wa pili ulioondolewa katika jamii ya wenye kusema. Umbo hilo hurudi nje ya vitabu kila mahali watu wanapoitwa kueleza nani alimtenda nani.

II. Kauli: nani awekwe mbele

Sentensi zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya mjadala huu. Zote zaweza kusemwa juu ya nyumba moja, usiku mmoja.

(1) Nyumba iliungua.
(2) Moto uliiteketeza nyumba.
(3) Nyumba ilichomwa.
(4) Nyumba ilichomwa na vijana.
(5) Vijana waliichoma nyumba.
(6) Watu walichomeana nyumba.
(7) Tulichomewa nyumba.
(8) Tuliunguliwa na nyumba.

Sentensi (1) ni sawa na maelezo ya hali ya hewa. Kitenzi ‘ungua’ hakina nafasi ya mtenda. Si kwamba mtenda ameachwa, bali hakuna kiti alichowekewa. Jambo hili huonekana wazi mtu akijaribu kumwingiza kwa ‘na’. Baada ya kitenzi cha kutendwa, ‘na’ humleta mtenda, kama katika (4). Baada ya ‘ungua’, ‘na’ yaweza kukileta chombo, kama moto au maji yachemkayo. Lakini ikifuatwa na watu, maana hugeuka kuwa ‘pamoja na’. ‘Nyumba iliungua na vijana’ haiwezi kumaanisha kwamba vijana waliichoma. Yamaanisha kwamba vijana walikuwa ndani. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa lililokuwa limejaa watu waliokimbilia humo lilichomwa huko Kiambaa, karibu na Eldoret. Mtu aandikaye ‘kanisa liliungua na watu’ amesema kweli juu ya waliokufa, na sarufi ya sentensi yake imewafungia nje waliowasha moto. Herufi mbili za ‘na’ zaweza kumtaja muuaji au aliyeuawa, na kitenzi ndicho kiamuacho.

Sentensi (2) ina mtenda, lakini mtenda huyo ni moto. Hii ndiyo sentensi ipendwayo na wasomao habari redioni, na katika habari za soko lililoshika moto kwa hitilafu ya umeme haina ubaya. Ikitumiwa juu ya nyumba iliyowashwa kwa kiberiti, moto huchukua lawama ya mtu. Sentensi (3) ni ya tahadhari: yakiri kwamba mtu yupo, lakini yanyamaza juu ya jina lake. Kunyamaza huku huweza kuwa haki, kwa kuwa msimulizi hajui. Huweza kuwa woga, kwa kuwa ajua na mtajwa ni jirani. Tena huweza kuwa adabu. Sentensi yenyewe haisemi ni ipi kati ya hizo. Msomaji hulazimika kumpima msimulizi kwa mambo mengine.

Yafaa kukaa kidogo zaidi kwenye (6). Kiambishi cha kutendana huwagawia watu tendo kwa usawa. ‘Walichomeana nyumba’ yasema kwamba kila upande ulikuwa na kiberiti. Huenda ikawa hivyo katika mahali na siku fulani, na katika sehemu nyingine isiwe hivyo hata kidogo. Nomino zinazotokana na kauli hii hubeba madai hayo hayo bila kuyatangaza. ‘Mapigano’ yatokana na ‘pigana’. Asemaye ‘mapigano ya kikabila’ ameshatoa hukumu kwamba wote walipiga na wote walipigwa. ‘Mashambulizi’ yatoka kwenye kitenzi chenye upande mmoja. ‘Machafuko’, ambayo yamekuwa neno la kawaida kwa mambo ya 2007 na 2008, ni jamaa ya ‘chafuka’, kitenzi kile kile kitumikacho kwa bahari na kwa tumbo: jambo lilichafuka, halafu likatulia. Katika Kiingereza cha Kenya mambo ya 1992 yaliitwa kwa neno lenye maana ya vitu viwili kugongana, na Kiswahili cha magazeti kikalipokea katika ‘mapigano’. Mwandishi wa habari aliyechagua neno hilo labda alitaka kuwa wa haki kwa pande zote. Lakini usawa wa kiambishi si usawa wa matukio.

Zabaki (7) na (8), ambazo ndizo zawadi kubwa ya Kiswahili kwa msimulizi, nazo hazijaangaliwa ipasavyo katika uhakiki. Katika (3), kiima ni nyumba. Mwenye nyumba hayumo kabisa. Katika (7), viambishi vya kutendea na kutendwa vimeungana, na aliyepoteza amewekwa mbele ya sentensi. Nyumba imekuwa nyongeza. Kauli hii haimtaji mtenda, kama (3) isivyomtaja, lakini inadai kwamba hasara ilikuwa na mwenyewe. Sentensi (8) yashangaza zaidi. Kitenzi ni kile kile ‘ungua’ kisichokuwa na kiti cha mtenda, na juu yake pameongezwa mtu ambaye moto huo umemwangukia. Ni jamaa ya ‘kufiwa’, ‘kunyeshewa’, ‘kupotewa’ na ‘kuishiwa’. Anayesema ‘tuliunguliwa’ hamshtaki mtu, lakini pia hakubali kwamba lilikuwa ni jambo la nyumba tu. Mtu aliyebaki kuishi jirani na yule anayemshuku aweza kuisema sentensi hii sokoni, kwa sauti ya kawaida, na kila asikiaye akaelewa. Haina uongo, tena haina vita.

Katika orodha hii, sentensi (5) tu ndiyo isemwayo bila kizuizi chochote. Ni sentensi ya mahakamani. Ni sentensi ya adui pia, ‘vijana’ wanapopewa jina la kabila lao na tendo la watu kumi likawa la watu wote watumiao lugha moja. Msimulizi mwenye kuitumia amebeba dhima ya kuthibitisha ‘vijana’ ni kina nani, na dhima hiyo mara nyingi huangushwa njiani.

III. Alikosimama msimulizi

Baada ya kauli, huja suala la mahali. Vitenzi ‘ja’ na ‘enda’ hupimwa kutoka pale alipo asemaye, au pale anapojiweka kwa fikira. ‘Walikuja usiku kutoka mlimani’ ni sentensi ya mtu aliye ndani ya nyumba. ‘Walikwenda usiku hadi kwenye mashamba’ ni sentensi ya mtu aliyebaki mlimani. Msimulizi wa nafsi ya tatu hudhaniwa kuwa juu ya wote, kama tai. Lakini hata yeye akiandika ‘walikuja’ amekwisha kuketi sebuleni kwa upande mmoja, na msomaji ameketi naye bila kuulizwa. ‘Walifika’ hupunguza upendeleo huu, ingawa haiumalizi. Vivyo hivyo ‘hapa’, ‘hapo’ na ‘kule’. Mwandishi akaaye Nairobi na kuandika ‘kule Burnt Forest’ ameweka umbali ambao hauko kwenye ramani peke yake.

Majina ya watu nayo yana mahali pa kutazamia. ‘Mgeni’ humdai mwenyeji; ‘mhamiaji’ hudai kwamba mtu alitoka kwingine, hata kama mtu huyo alizaliwa Burnt Forest na hajawahi kuishi penginepo. Tangu miaka ya 1990 neno ‘madoadoa’ limesikika katika siasa za Bonde la Ufa likiwataja watu wa makabila mengine waliokaa huko. Doa ni kasoro juu ya kitambaa. Asemaye doa ameshakiona kitambaa kizima kuwa chake na kuwa cha rangi moja. Hana haja ya kutoa hoja ya umilikaji wa ardhi, kwa kuwa sitiari imekwisha kuitoa. Neno ‘mkimbizi’ nalo, ambalo husemwa kwa huruma, lina upofu wake. Ni nomino ya mtenda kutokana na ‘kimbia’, na mtenda huyo ni yule aliyekimbia. Aliyemkimbiza hakuachiwa nafasi. Wakati Tume ya Waki ilipotoa ripoti yake mwaka 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote katika ghasia zile, na waliolazimika kuacha makazi yao walikuwa mamia ya maelfu. Hao wote waliitwa ‘wakimbizi wa ndani’, kana kwamba kukimbia ndiko kulikuwa tendo la siku hizo.

Kuna pia ‘sisi’. Kiswahili hakitofautishi katika umbo ‘sisi’ imhusishayo msikilizaji na ‘sisi’ imwachayo nje, kama Kifulfulde kifanyavyo. Hali hii kwa kawaida haina madhara, maana muktadha huamua, na asemaye aweza kuongeza ‘sote’ au ‘sisi na ninyi’. Lakini msimulizi asemapo ‘sisi watu wa Burnt Forest’, msikilizaji wa kabila jingine husubiri sentensi ya pili ili ajue kama yumo. Msimulizi stadi aweza kumweka katika kusubiri huko kwa kurasa nyingi. Msimulizi mwanasiasa hufanya hivyo kwa makusudi mengine, naye huwa na ‘sisi’ mbili katika hotuba moja: ya kwanza kwa redio ya taifa, ya pili kwa waliosimama mbele yake.

IV. Mahali pa kuweka ‘-li-’

Utaratibu wa usimulizi wa Kiswahili wajulikana: kitenzi cha kwanza huchukua ‘-li-’ na vinavyofuata huchukua ‘-ka-’. Wanasarufi huueleza kuwa ni utaratibu wa wakati. Lakini ‘-ka-’ hufanya zaidi ya kupanga wakati. Huleta hisi kwamba la pili limetokana na la kwanza. ‘Matokeo yalitangazwa, watu wakashambuliwa’ karibu ni maelezo ya sababu. Basi lile tendo lililopewa ‘-li-’ ndilo chanzo, na mengine yote ni matokeo yake. Anayeamua ‘-li-’ iwekwe wapi ameamua nani alianza.

Habari za Uasin Gishu zaonyesha uzito wa uamuzi huo. Msimulizi mmoja huanza tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa. Mwingine huanza 1991, mashambulizi yalipozuka Nandi, kwenye shamba la Meteitei, yakaenea hadi Burnt Forest mwaka uliofuata. Wa tatu huanza na uhuru wa 1963 na miaka iliyoufuata, mashamba ya walowezi yalipouzwa na makampuni na vyama vya ushirika vikayanunua kwa ajili ya wanachama wao, wengi wao Wakikuyu, huku Wakalenjin wakiyahesabu kuwa ardhi ya mababu. Wa nne hurudi hadi 1908, Makaburu walipowasili kwa magari ya kukokotwa na ng’ombe na kugawiwa mashamba yenye namba, ambayo namba 64 ndiyo iliyowapa watu jina la ‘Sisibo’ kwa mji wa Eldoret. Wa tano hukumbusha kwamba jina Uasin Gishu lenyewe ni la tawi moja la Wamaasai, ambao nao walikuwa na malisho huko kabla ya hao wote. Kila mmoja wa wasimulizi hawa asema mambo yaliyotukia. Hakuna hata mmoja anayehitaji kudanganya. Aanzaye 2007 husimulia uhalifu. Aanzaye 1963 husimulia mkataba, na mkataba huo kwa sikio moja ni ununuzi halali, kwa sikio jingine ni dhuluma yenye stakabadhi. Aanzaye 1908 hupata kisa ambacho wenye hatia wake wamekwisha kuondoka, na hicho ndicho kisa ambacho pande mbili za leo zaweza kukisikiliza pamoja bila kuinuka vitini. Labda ndiyo maana hupendwa sana katika mikutano ya upatanisho. Yafaa lakini kusemwa kwamba Makaburu wa 1908 hawakumchomea mtu nyumba mwaka 1992.

V. ‘Eti’ na ‘kumbe’

Maneno haya mawili madogo mara nyingi hutajwa katika sarufi kama viingizi na kuachwa. Kwa mhakiki wa usimulizi yana thamani kuliko sura nzima ya nafsi.

‘Eti’, au ‘ati’ kama isemwavyo sana Kenya, huyatenga maneno ya mtu mwingine na imani ya asemaye. ‘Alisema kwamba hakuwapo’ yaripoti tu. ‘Eti hakuwapo’ yaripoti na kukataa kwa pumzi moja. Msimulizi aweza kumnukuu shahidi kwa uaminifu kamili, neno kwa neno, na kwa silabi mbili hizo akamfanya mwongo. Katika maandishi ya kitaalamu ‘eti’ haipatikani. Nafasi yake imechukuliwa na ‘inadaiwa’ na ‘inasemekana’. Mabadiliko hayo huonekana kuwa ya adabu tu, lakini ‘eti’ ilikuwa angalau na mwenyewe, yaani mtu mwenye shaka aliyejionyesha. ‘Inadaiwa’ ina shaka isiyokuwa na mwenye shaka.

‘Kumbe’ ni ya kina zaidi. Hutangaza kwamba mtu alikuwa na dhana fulani, na sasa ukweli umemjia. Katika nafsi ya kwanza hakuna ugumu: aliyeshangaa ni ‘mimi’. Katika nafsi ya tatu hutokea jambo la ajabu. Fikiria sentensi hizi, nazo pia za kutungwa: ‘Mama alipofika langoni aliona watu wanne wamesimama gizani. Akapiga kelele. Kumbe walikuwa majirani waliokuja kumtoa.’ Nani ameshangaa? Si msimulizi, kwa kuwa alikijua kisa tangu mwanzo. Ni mama, na pamoja naye msikilizaji. Msimulizi ameuazima kwa muda kutojua kwa mhusika, akasimama langoni katika giza lile lile, ingawa nafsi haikubadilika wala hapana alama yoyote ya kunukuu. Waandishi wa Ulaya walihitaji karne ya 19 nzima kuizoeza njia ya kuyachanganya mawazo ya mhusika na sauti ya msimulizi. Wasimulizi wa ngano za Kiswahili walikuwa nayo ndani ya neno moja, nao walilitumia kila jioni baada ya ‘Paukwa’ na ‘Pakawa’.

Umuhimu wake kwa kisa cha Burnt Forest ni huu. ‘Kumbe’ inahitaji mtu aliyekuwa na dhana isiyokuwa sahihi, na msimulizi aliye tayari kuiingia dhana hiyo kwanza kabla ya kuisahihisha. Katika mfano uliotolewa, woga wa mama haudharauliwi. Msikilizaji ameogopa pamoja naye. Geuza mwisho: ‘Kumbe majirani waliokuja kumtoa walikuwa ndio walioonyesha njia.’ Hapo imani ndiyo iliyoingiwa kwanza, nayo imevunjika mikononi mwa msikilizaji. Mambo ya aina zote mbili hutukia katika ghasia za majirani, na msimulizi mwenye ‘kumbe’ ya namna moja tu amechagua upande kwa uhakika kuliko yule asemaye ‘sisi’ waziwazi. Riwaya ya Ken Walibora, Kufa Kuzikana (2003), yenye marafiki wawili wa jamii zilizohasimiana, ilichukua jina lake kutoka usemi wa watu kuhusu urafiki usiokatika. Usemi huo una kutendana kusikowezekana: marafiki wawili hawawezi kuzikana wote, lazima mmoja abaki juu ya udongo. Abakiye ndiye atakayesimulia, kwa ‘sisi’ ambayo nusu yake haipo tena kumsahihisha.

VI. Ushahidi na lugha ya kumbukumbu

Tangu 1992 mambo haya yamechunguzwa rasmi zaidi ya mara moja: na kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka huo huo, na Tume ya Akiwumi iliyoundwa 1998 na ambayo ripoti yake ilitolewa kwa umma 2002, na Tume ya Waki ya 2008, kisha na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013. Kila mara umbo la Adili mbele ya Rai lilirudi: mtu mmoja aeleza, mkubwa asikiliza. Ripoti zenyewe zilitolewa kwa Kiingereza, ilhali raia wengi wa mashambani husema kwa Kiswahili au kwa lugha za nyumbani.

Hapa kazi ya mwanaisimu ni ya moja kwa moja. Shahidi akisema ‘tulichomewa nyumba’, Kiingereza cha kawaida kitaandika kwamba nyumba yao ilichomwa, na kiima kitahama kutoka kwa watu kwenda kwenye mali. Akisema ‘tuliunguliwa’, mfasiri ana njia mbili mbaya: kuandika kwamba nyumba iliungua, na hivyo kumwondoa shahidi katika sentensi yake mwenyewe, au kuandika kwamba waliichoma, na hivyo kumfanya amshtaki mtu ambaye yeye, kwa sababu zake, amejizuia kumshtaki. Njia ya pili yaweza kumletea hatari akirudi nyumbani. Ya kwanza humfanya mtazamaji wa msiba wake. Wala si haki kumlaumu mfasiri. Ana dakika chache, na wakili anasubiri. Lakini kanuni mbili zingeweza kufuatwa bila gharama kubwa. Ya kwanza, kitenzi cha shahidi kihifadhiwe katika lugha aliyokisemea, pembeni mwa tafsiri, kila mara kauli yake isipolingana na kauli ya Kiingereza. Ya pili, mfasiri asimwongezee mtenda ambaye shahidi hakumtaja, na asimwondoe aliyetajwa. Wafundishao tafsiri katika vyuo vikuu wanaweza kuanza na jina la mji ule ulio kwenye barabara ya Nakuru, na kuwauliza wanafunzi wao ni kitenzi gani wangekiandika kwenye kibao, na ni nani angekisoma bila kusimama.